Kitambaa Kilichochomwa Nyuma ya Goli

Walikichoma mchana kweupe, nyuma ya goli la upande wa barabara, na petroli ilitoka kwenye pikipiki ya straika wetu. Nilikuwepo. Waliniita makusudi nishuhudie, ili baadaye nisije nikasema nimeibiwa.

Kilikuwa kipande cha kanga ya bluu yenye vidoa vyeupe, kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama sikio la mbuzi. Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na subira hata ya kungoja matokeo, nilitaka kuondoka tu. Mama akaichana kanga yake katikati. Nusu akamwachia dada yangu. Nusu nyingine akanifungia karanga za kuchemsha, akanisindikiza mpaka stesheni. Karanga ziliisha kabla treni haijafika Tabora, kitambaa kikabaki. Nimezunguka nacho Kahama, Mbeya, Tunduma, na kule Ugalla nilikokaa kwa mjomba tukitundika mizinga ya nyuki. Kila nilipodaka mpira nilikifunga kwenye nyavu nyuma yangu, nafutia mikono. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Aliyewahi kudaka kwenye mvua anajua mpira uliolowa unavyoteleza.

Nilirudi Mpanda nikiwa nimepita arobaini. Mama alikuwa amekwisha kufa, na nyumba yake anakaa dada. Nilipita mitaa niliyokulia nikitafuta vitu ambavyo havipo tena, mti fulani, kibanda fulani cha chai, na nilikuwa nimeanza kufikiria safari nyingine wakati mwenyekiti wa timu ya mtaa wetu alipokuja kupiga hodi. Ana duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ya upole sana. Timu ilikuwa mkiani mwa ligi. Kipa wa kwanza alikwenda machimboni kutafuta dhahabu. Wa pili alivunjika kidole. Wa tatu alikuwa mpwa wake mwenyekiti, kijana mzuri, lakini mpira ukimjia alikuwa anafumba macho.

"Ndugu yangu," akasema, "nasikia huko Tunduma walikuwa wanakuita ukuta."

"Hiyo zamani, bosi. Sasa hivi magoti yanalia."

"Goli halikimbii. Wewe simama tu."

Nikasimama. Tukashinda mechi, tukatoa sare, tukatoka mkiani. Watu wakaanza kunisalimia kwa jina la utani barabarani. Halafu mabeki wetu wawili wakaondoka kwenda kulima, maana mvua zilikuwa zimeanza, na nafasi zao wakawekwa watu ambao kazi yao ilikuwa kuniangalia. Tukaanza kufungwa tena. Tukafungwa hata na vijana wa Mwese, waliofika kwa pikipiki wakiwa na tope mpaka kiunoni, hawajala, wakatufunga hivyohivyo.

Hapo ndipo ilipoitwa kamati ya ufundi. Kila timu huku ina kamati ya ufundi, na kila mtu anajua kwamba ufundi wake si wa mpira. Ndiyo inayoamua wachezaji waingie uwanjani kwa mlango au waruke ukuta, nani atangulize mguu gani, na basi lipitie njia ipi. Wakaenda walikokwenda, wakarudi na jibu. Mabeki hawakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kitambaa cha kipa. Kinavuta mipira.

Mwenyekiti alilisema jambo hilo kwenye kikao cha wachezaji wote, tumekaa kwenye nyasi, kwa sauti yake ya upole.

"Hatusemi wewe ni mchawi, ndugu yangu. Tunasema kitambaa kina shida."

"Bosi, mbona unazunguka?" Straika akadakia. Ni dereva wa bodaboda, mdomo wake hauna breki. "Huyu mzee katuuza. Kitambaa cha marehemu unakitundika golini, unataka nini kama siyo msiba?"

"Ni cha kufutia mikono."

"Mikono ya nani? Ya mizimu?"

Wakacheka. Vijana niliowafundisha kupanga ukuta wa friikiki walicheka mpaka wakalala. Ndipo straika akaenda kwenye pikipiki yake na chupa.

Kitambaa kizee hakiungui kwa kishindo. Kilijikunja, kikatoa moshi mweusi, kikaisha. Mwenyekiti akaniambia dirisha dogo la usajili limefunguliwa, kwa hiyo niko huru kutafuta timu, na kwamba kipa kijana anakuja kutoka Tabora. Kamati ikaongeza sheria: kuanzia siku hiyo, kipa wa timu yao asionekane na kitambaa cha aina yoyote golini, hata taulo.

Kama yangeishia pale uwanjani, pengine ningefunga begi na kuondoka, maana ndiyo tabia yangu. Lakini neno likatoka uwanjani likaingia sokoni. Mama muuza dagaa, ambaye zamani alikuwa ananipa huku akinitania, sasa aliweka mfuko juu ya meza na kurudi nyuma ili nichukue mwenyewe. Kanisani nafasi kwenye benchi nililokaa ikawa kubwa kuliko kawaida. Huku kwetu mtu akiitwa mchawi huwa hapewi nafasi ya kujitetea. Anaanza kukwepwa, na wakati mwingine haishii kukwepwa.

Nikaenda dukani kwa mwenyekiti. Sikwenda kugombana. Nilimwomba kitu kimoja: asimame mbele ya wachezaji, aseme kile kilikuwa kitambaa tu.

Akanicheka kidogo. "Mbona unalilia kitambaa kama mtoto?" Akanyoosha mkono rafuni, akashusha taulo jipya lenye maua, akaliweka mbele yangu. "Chukua hili, yaishe."

Wateja walikuwa wanatazama. Nililiacha taulo palepale. Niliingia dukani nikitaka haki. Nilipotoka nilikuwa nataka kumwona yule mtu akitokwa jasho.

Magamba, timu ya wakulima iliyokuwa kwenye ligi yetu hiyohiyo, walikuwa hawana kipa. Kapteni wao, ambaye pia ndiye kocha, alinipokea akiwa anapalilia mahindi.

"Kaka, sisi mambo ya kamati ya ufundi hatuna," akasema. "Tuna jembe. Unaogopa kusemwa?"

"Nimeshasemwa."

"Basi njoo."

Nikasajiliwa dirisha likiwa linakaribia kufungwa. Kitu cha kwanza nilichouliza ni ratiba. Timu yangu ya zamani ilikuwa inakuja Magamba raundi ya pili, katikati ya mvua. Sijawahi kuingoja siku kama nilivyoingoja ile. Nilikuwa nalala nikiipanga, naamka nikiipanga. Mechi nyingine nilidaka kama mtu anayepitisha muda.

Siku ya mechi ilipokaribia nikamwambia dada anipe nusu yake ya kanga. Alikuwa anaihifadhi chini kabisa ya sanduku la mama, imekunjwa na majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasiitoboe.

"Na hii unataka waichome?"

"Nataka waione."

Akaitoa sandukuni, akaikung'uta majani. "Wewe kaka una roho mbaya."

"Ninayo."

"Ukirudi bila hiyo, usirudi." Akaniwekea mkononi. Halafu, bila kuulizwa, akabandika sufuria ya karanga jikoni.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Timu zilipoingia uwanjani nilitangulia peke yangu mpaka golini, polepole, nikihakikisha kila mtu ananiona. Nikagusa nguzo ya kulia. Nikagusa ya kushoto. Nikawapa mgongo, nikainamisha kichwa. Sikuwa naomba chochote. Nilikuwa nawapa nafasi ya kutazama. Kisha nikatoa kifurushi cha karanga kilichofungwa kwenye kanga ya bluu yenye vidoa vyeupe, nikakifunga kwenye nyavu kwa fundo alilonifundisha mjomba la kufungia mizinga, lile ambalo ukilivuta linazidi kukaza.

Straika ndiye aliyeona kwanza.

"Kile kitambaa!" Sauti yake ilipanda kama ya mtoto. "Nilikichoma mimi! Si nilikichoma kwa mkono wangu huu?"

Pembeni ya uwanja mwamvuli wa mwenyekiti ulishuka taratibu mpaka mvua ikamlowesha, na yeye hakuwa na habari. Nilikuwa na sentensi moja ya kuwatuliza wote: mama aliichana katikati. Nikaimeza.

Kipindi cha kwanza hawakucheza. Walikuwa wakifika karibu na eneo langu wanapiga mpira kwa mbali, ovyo, kama watu wanaomrushia nyoka mawe. Kapteni wetu alinijia akihema.

"Kaka, umewafanya nini hawa?"

"Hawapendi rangi ya bluu."

Mapumziko niliwaona wanakamati wameinamiana chini ya mti, mikono inarushwa. Nilijua wanachoamua kabla hawajamaliza, na kipindi cha pili kikathibitisha. Hawakuwa wanatafuta goli tena. Walikuwa wanatafuta kifurushi. Kila walipopata kona straika alikuja kusimama nyuma yangu, karibu na nyavu, badala ya mahali pake.

"Mzee, umekifufua?" alininong'oneza. Mpira hakuwa anautazama hata kidogo, na nilifurahi.

"Njoo ukiulize."

Ikaja kona ya mwisho mwisho. Mpira ulipopigwa nikautokea, nikaupiga ngumi, lakini ulikuwa umelowa sana, haukwenda mbali. Ukadondoka mbele ya goli tupu, mahali ambapo straika yeyote duniani angekuwepo. Nami nilikuwa nimelala kwenye tope. Hakukuwa na mtu. Straika wao alikuwa ndani ya nyavu, mikono miwili kwenye fundo, anavuta, na fundo linakaza.

"Mpira! Mpira wewe!" wenzake wakapiga kelele.

"Subirini, kinatoka!"

Beki wetu akauondosha kwa nguvu zote, juu, mbele, bila kuangalia. Kule mbali yule kipa kijana kutoka Tabora alitoka vizuri, akaruka vizuri, akaushika mpira kwa mikono yote miwili. Nilimhurumia dakika hiyo, yeye peke yake. Glavu zake zilikuwa zimelowa tangu saa ya kuanza na hakuwa na pa kuzifutia, maana kamati ilikataza. Mpira ukamponyoka kama sabuni ya mche, ukapita katikati ya miguu yake, ukabingirika mpaka ndani.

Magamba walipiga kelele zilizofukuza kunguru mashambani. Refa alipogeuka upande wangu alimkuta straika bado ananing'inia kwenye nyavu. Akamtoa mle nyavuni, akamwonyesha kadi ya njano, na watu wakacheka mpaka wakalala, safari hii si mimi niliyekuwa nachekwa.

Mechi ilipoisha mwenyekiti alinijia, kalowa, shati limeshikana na tumbo. Wachezaji wake wakasimama nyuma yake, mbali kidogo.

"Ndugu yangu," akasema. Upole ulikuwa umebaki kwenye neno hilo tu. "Mle ndani kuna nini?"

Nikalifungua fundo, lina namna yake, wala halihitaji nguvu. Nikafunua kanga. Karanga za kuchemsha, na maganda yake, zimelowa mvua. Nikamenya moja nikala.

Wakarudi nyuma wote kwa pamoja.

"Umeona?" straika akasema. "Anakula dawa yake!"

"Ni karanga," nikasema. Nikanyoosha kitambaa kuelekea kwa mwenyekiti. "Karibu, bosi. Kula moja tu, hapa mbele ya watu, nami nimesamehe yote. Timu, moshi, hata lile taulo."

Kama angekula, angekuwa amekiri kwamba karanga ni karanga, na kwamba kile walichokichoma kilikuwa kitambaa cha kufutia mikono. Alielewa hivyo. Niliona mkono wake ukiinuka kutoka ubavuni, vidole vizito vikinyooka juu ya bluu ile, jasho na mvua vikimshuka pamoja usoni.

"Bosi, usile!" straika akalia. "Bosi, una watoto!"

Mkono ukarudi chini. Akageuka, akaenda kwenye gari lake bila kuukumbuka mwamvuli.

Nilimrudishia dada kanga yake, ina tope lakini nzima. Aliifua usiku uleule. Alipoianika ndipo aliposema.

"Sasa wana uhakika kwamba wewe ni mchawi. Umewathibitishia. Na wewe utaondoka kama kawaida yako, kaka, jina utaniachia mimi."

Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria Kigoma, sijawahi kukaa Kigoma. Maneno yake yakanikalisha chini. Ni kweli, mwanzoni nilitaka waseme mimi si mchawi, na mwishoni niliwapa kila sababu ya kusema ndiye. Lakini sijuti. Nilichomwonyesha mwenyekiti siku ile ni uoga wake mwenyewe, na kila mtu wa Magamba aliuona.

Kwa hiyo nipo. Bado nadaka Magamba, na kila kipa ninayekutana naye siku hizi huangalia nyavu zangu kabla ya kuniangalia mimi. Dada alipungukiwa na wateja wake wa maandazi, kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja, maana njaa haina kamati ya ufundi. Begi langu liko juu ya kabati. Kila asubuhi, mwenyekiti anapofungua duka, mimi huwa nimekaa ng'ambo ya barabara na karanga zangu za kuchemsha. Namenya, natafuna. Akiinua macho, namnyooshea mkono uliojaa.

"Karibu, bosi!"

Anaingia ndani. Siku atakayovuka barabara akala moja, nitashusha begi, niende Kigoma.