Kosa Alilolitaja Mjukuu Wangu kule Nyundo

Tulikuwa watu saba sebuleni kwa wakwe wa mjukuu wangu kule Nyundo, Rwanda, Jumapili baada ya misa. Upande wetu tulikuwa watatu: mimi, mjukuu wangu fundi seremala wa Mahoko, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, na mtoto wa shemeji yangu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu. Upande wao walikuwa wanne: baba wa mke wa mjukuu wangu, mama yake, shangazi yake, na mke mwenyewe, aliyekaa karibu na mlango amejifunika kitenge mabegani. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya wazazi wao pia. Sitayaandika, kwa sababu habari hii ni ya chumbani, na wote bado wanakutana sokoni.

Mke huyo alikuwa amerudi kwao, wiki ya nne sasa, baada ya miezi minane ya ndoa. Kwetu, mke akirudi kwao hafuatwi mikono mitupu wala hafuatwi kimya. Mnakwenda na pombe ya ndizi, na mume anasimama mbele ya wakwe, anataja kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe. Asipolitaja, hapewi mke. Akilitaja anagombezwa, anaomba msamaha, pombe inanywewa, wanarudi nyumbani. Nimeona wanaume wakitaja ulevi, ngumi na uvivu, na jioni wakashika njia pamoja na wake zao.

Baba mkwe akamuuliza mjukuu wangu, kwa upole, amemfanyia nini binti yao. Mjukuu wangu alisimama, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, akawa anaangalia bidoni, lile dumu letu la pombe.

"Mi niko na mwanamke Goma," akasema.

Msemaji wetu alipumua kama mtu aliyetua mzigo, maana hilo ni kosa linalojulikana, lina maneno yake. Shangazi wa mke hakumpa nafasi ya kuyasema.

"Na mu misa ya leo ulikuwa unamuombea nani, mukwe wetu? Wa hapa ao wa kule?"

Baba hakucheka. Alisema kosa hilo halimalizwi na bidoni moja, kwamba magonjwa ni mengi, na yeye hawezi kumtoa mtoto wake akafe. Tuchukue pombe yetu twende nayo. Hapo ndoa ilikuwa imekwisha, nami niliiona ikiisha.

Ila nilikuwa nikimtazama mke. Mwanamke aliyeachwa kwa ajili ya mwingine, akisikia jambo hilo likisemwa mbele za watu, huinama. Huyu aliinua kichwa. Alimtazama mumewe kana kwamba anasikia habari za nyumba ya jirani. Nikajua hakuna mwanamke Goma.

Niliomba nizungumze naye nje. Kwa desturi bibi hanyimwi hilo. Mambo ya chumbani tunaulizwa sisi, wazazi hawaulizwi. Tukakaa nyuma ya jiko, juu ya magunia ya viazi.

Alivuta nyuzi za kitenge. Kisha akaniambia kwamba mumewe humaliza mapema, mapema sana, wakati mwingine hata kabla hawajaanza vizuri. Miezi ya kwanza alikuwa akiomba radhi. Baadaye akaacha kuomba, akawa anageukia ukutani. Akaleta unga fulani kutoka soko la Goma, akaunywa na maziwa, moyo ukamdunda siku nzima. Mwishoni akahamishia godoro kwenye karakana, katikati ya mbao.

"Nyogokuru, mi sikukimbia ile kitu," akasema. Nyogokuru ndiyo bibi kwa lugha yetu. "Nilikimbia kunyamaza kwake. Nilifikiri ananichukia."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa yangu pia.

Mume wangu, tulipokuwa bado Masisi, kule Kongo, na ng'ombe wetu, alikuwa hivyo hivyo. Alimaliza upesi, akaamka, akasema anakwenda kutazama ndama. Miaka thelathini na mmoja alitazama ndama. Hata tuliporudi Rwanda, hatuna ng'ombe hata mmoja, aliendelea kutoka nje. Nami nilijua kwa hakika kwamba sababu ni mimi: nina harufu, au alimtaka dada yangu. Shangazi zangu walinifundisha yote ambayo mwanaume wa kwetu anapaswa kumfanyia mkewe mpaka naye aridhike. Hawakunifundisha la kusema akishindwa. Alikufa hatujaliongea.

Tukarudi ndani. Nikawaambia wakwe kwamba mjukuu wangu amedanganya, hana mwanamke Goma wala kwingine. Kosa lake ni kunyamazia ugonjwa anaouonea aibu, na ugonjwa wenyewe ni wa kupelekwa kwa muganga wa hospitali, si wa kujadiliwa kwenye pombe. Msemaji wetu alinivuta nguo nikae. Sikukaa.

Baba akamgeukia mjukuu wangu. "Ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Niliona heri muniite muzinzi kuliko museme mi si mwanaume."

Hata yule shangazi alitazama chini. Baba akasema waende kwanza kwa muganga, wote wawili, ndipo turudi. Pombe aliibakiza kwake. Sikujua kama hiyo ilikuwa dalili njema au kiu.

Muganga wa kituo cha afya alikuwa mama wa makamo. Walitaka niingie nao, nikaingia, nikakaa pembeni. Aliuliza kama anavyouliza mtu wa kikohozi: ilianza lini, ni kila mara, kuna maumivu, analala vipi, anakunywa nini. Akampima damu na mkojo. Akasema wanaume wengi wanalo tatizo hilo. Wengine tangu mara ya kwanza kabisa, wengine huwaanza baadaye kwa wasiwasi au kwa ugonjwa mwingine. Si laana. Mtu akiogopa kumaliza mapema, hofu yenyewe inamharakisha, na wawili wakinyamaziana hofu inakua. Ule unga autupe, hakuna ajuaye kilichomo. Akawafundisha kusimama kabla hajafika, kutulia, kisha kuanza tena. Akamfundisha kukaza ile misuli ya kuzuia mkojo na kuilegeza polepole, kila siku, hata akiwa anapiga randa. Kondomu nayo husaidia, alisema, na mikono haina haraka: yale waliyofundisha mashangazi yanafaa kabla na yanafaa baada. Wiki zikipita bila nafuu, warudi, iko dawa ya kuandikiwa na daktari.

Mke akauliza, "Na mi nifanye nini?"

"Uongee naye. Na usihesabu dakika."

Tulirudi Nyundo wakati wa kuvuna maharage. Mjukuu wangu alisimama pale pale, akataja kosa lake upya. "Nilinyamaza," akasema, basi. Baba akamwita binti yake, akamwambia achukue mizigo.

Sisemi amepona. Mke ananiambia iko siku nzuri na iko siku mbaya, lakini siku mbaya mume hageukii tena ukutani. Godoro limerudi nyumbani. Juzi walikuja kunisalimia, wakabishana uani kuhusu chumvi ya mboga, kwa sauti, bila kujificha. Niliwaacha wabishane.

Aliyekuwepo siku ile na akasoma haya, kama miezi ilikuwa tisa na si minane, au kama mama wa mke alisema neno nami nimelisahau, anisahihishe. Na kama yupo bado mzee wa Masisi aliyekuwa akizungumza na mume wangu kwenye malisho, anisahihishe na yeye. Huenda ilikuwa kweli ndama. Ningependa kujua.