Matar na Jeneza la Mtu Asiyemjua

Marehemu Matar, Mwenyezi Mungu ampanulie kaburi lake, alikuwa hamali Darajani. Asubuhi alibeba magunia ya mchele. Alasiri, akishasali, alikwenda uwanjani Mpendae kucheza besiboli, mpira mdogo unaopigwa kwa rungu, ambao watu wa mtaani waliuita mchezo wa kupoteza mipira. Alilinda kituo cha tatu, kimoja katika vile ambavyo mpigaji huvikimbilia, na zamu yake ya kupiga ikifika, mpira ulivuka ukuta ukaangukia migombani. Hakupigiwa makofi. Mara nyingi watazamaji walikuwa mbuzi.

Alitaka jambo moja tu: kuchaguliwa timu ya kwenda Bara. Umri ulikuwa unamtupa mkono, na alijua nafasi nyengine haitakuja.

Siku ya mchujo, zamu yake ikikaribia, jeneza likapita barabarani kuelekea makaburini Mwanakwerekwe. Matar akaweka rungu chini. Suhaib, mwenzake wa timu, akamshika mkono.

"Unakwenda wapi nawe? Maiti mwenyewe humjui."

"Na yeye hanijui. Nnachukua hatua chache, nnarudi."

Ndivyo ifanywavyo: unatia bega, unapata thawabu zako, mwengine anakupokea. Lakini nyuma ya jeneza lile hapakuwa na msururu. Walikuwepo wachukuzi wanne basi, na mmoja wao, mzee aliyekwisha kuchoka, alipotoa bega, Matar akaingia mahali pake. Kila baada ya kitambo aligeuka kutazama nani atampokea. Hakuja mtu. Kelele za uwanjani alizisikia nyuma yake, kisha hakuzisikia tena. Akafika makaburini, akatia udongo, na talkini iliposomwa, maiti akiitwa kwa jina, ndipo alipolijua jina la yule aliyembeba: Ubwa.

Aliporudi, mchujo ulikuwa umekwisha. Suhaib alikwishamweleza mwalimu wa timu, na mwalimu alisikitika kweli, lakini kituo cha tatu kilikuwa kimeshapata mtu. Matar akasema alhamdulillahi, akafuta udongo mikononi.

Nyumbani mkewe, Zeyana, alimuuliza kwa nini hakuliacha lile jeneza njiani, akawahi mchezo wake.

"Ningemwachia nani, Zeyana?"

Timu ilipoondoka hakwenda bandarini kuaga. Alasiri alikwenda uwanjani peke yake, akaurusha mpira juu mwenyewe, akaupiga. Ulikwenda mbali kuliko siku zote. Alisimama akiutazama mpaka ulipoanguka, kisha akaanza kuufuata taratibu, maana hapakuwa na wa kumrudishia.