Niliisingizia Nyota Kazi Yangu Mbovu

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Jina langu sitalitaja, maana hapa Kasulu mafundi wa kuezeka tunajulikana, na wapo watu ambao bado wananiamini. Hilo ndilo linaloniumiza!

Ilikuwa mwaka tisini na saba, kabla ya zile mvua kubwa. Balitazari, mkulima wa Kagerankanda, alinipa kazi ya kuezeka nyumba yake mpya kwa bati. Alikuwa ameoa karibuni. Mkewe anaitwa Nyamwiza, binti wa Nyabibuye kule Kibondo. Mama yule alinipikia siku tatu mfululizo, wala hakuniuliza nitamaliza lini.

Siku ya tatu nikasikia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanatafuta mafundi wa kujenga maghala. Nikataka kuwahi. Upande wa nyuma wa paa nikapiga msumari mmoja pale palipotaka mitatu. Ukiwa chini huwezi kuona. Nikashuka, nikaaga, nikapanda baiskeli yangu.

Mvua ya kwanza ilikuja na upepo mbaya. Nyumba za majirani zote zikabaki na paa. La Balitazari likaruka, bati moja likakutwa limekaa juu ya mgomba wa mtu.

Akaniita. Nilifika asubuhi, watu wamejaa uani.

"Mwakeye, fundi," akaniamkia kwa upole. "Hebu niambie. Upepo ulikuwa wa wote. Kwa nini langu tu?"

Hapo ningesema "nimekosea," yangeisha. Jamani, neno moja tu! Lakini nikamkumbuka mwenye duka la vifaa mjini, mtu wa pwani mwenye kitabu cha falaki, aliyekuwa akitueleza kwamba kuna watu wa nyota za moto, za udongo, za maji na za upepo.

Nikakohoa. "Mkeo nyota yake ipi?"

"Sijui."

"Ni ya upepo," nikasema. "Yako ya moto. Upepo ukiingia nyumba ya moto, lazima utoke na kitu."

Sikujua ninachosema. Watu wakaitikia, "Eee!"

Wiki haikuisha, Nyamwiza akarudishwa kwao, na mimba ya miezi minne.

Balitazari aliona haya kunisumbua tena, akamwita fundi mwingine. Huyo akapiga misumari yote. Zikaja zile mvua zenyewe, madaraja yakaenda na maji, paa lisitikisike! Basi ukawa ushahidi: mke kaondoka, paa limetulia.

Tangu hapo mvua ya mawe ikipiga maharage, naitwa. Radi ikiua ng'ombe, naitwa. Niseme ni nyota ya nani. Kuezeka hakuna tena anayeniita, maana mtu wa nyota hapandishwi juu ya paa. Hata mke wangu mwenyewe, upepo ukivuma kidogo tu, ananitazama usoni.

Nilipochoka nikamwendea Balitazari, nikakiri yote. Akanishika bega.

"Fundi, una huruma sana. Unataka nimrudishe. Lakini nyota haibadiliki."

Nikapanda lori hadi Kibondo, nikakodi baiskeli hadi Nyabibuye. Nyamwiza alikuwa anapalilia muhogo, mtoto mgongoni. Nikamweleza. Hakuacha jembe.

"Nilijua," akasema. "Yale mabati niliyaokota mimi. Niliona matundu ya misumari yalivyo machache. Nikamwonyesha mume wangu, akasema mwanamke anajua nini kuhusu bati."

"Nisamehe, mama. Rudi, nitasema mbele ya watu wote."

"Wewe nimekusamehe, uliogopa. Yeye je? Nirudi kwa mtu aliyekubali nyota asiyoiona, akakataa tundu alilotiliwa mkononi?"

Akaniomba nisogee, nilikuwa nimesimama juu ya mstari wake.

Hajarudi mpaka leo. Balitazari anaishi peke yake chini ya paa zuri, na mtoto wake hajamwona.

Ndugu zangu, ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui. Aibu yake haimalizi hata siku. Na ninyi wenye nyumba, dhoruba ikipita, kabla hamjamtafuta wa kuwaambia mke kazaliwa na nyota gani, muulizeni mke mwenyewe ameona nini.