Sista Barek na Uvimbe Uliodhaniwa Maziwa

Alizaliwa mwaka 1934 kisiwani Adonara, mashariki ya kisiwa cha Flores, akabatizwa Kristina Barek. Tangu utotoni alichota mahindi ya moto chunguni kwa vidole vitupu na kuyaponda juu ya jiwe, kama wanawake wote wa kwao. Lakini yeye alimchosha mama yake kwa kuuliza kwa nini punje moja hulainika na nyingine hukaidi. Udadisi huo haukumwacha alipoweka nadhiri za kitawa, wala aliporudi karibu na kwao, katika mji wa Larantuka, akiwa daktari wa upasuaji.

Jaribu lake kubwa lilikuja Kwaresima ya mwaka 1979. Kewa, mjamzito wa miezi mitano, alivimba titi moja kupita kiasi. Nyumbani walifurahi, na mama mkwe wake, Ina Peni, aliwatambia majirani kwamba maziwa yamewahi kwa kuwa mjukuu atakuwa askofu. Sista alipapasa, akamgeuza Kewa, akapapasa tena. Maziwa hutandaa, aliwaeleza, bali uvimbe huu unateleza chini ya kidole kama punje iliyokataa kuiva. Maabara ilithibitisha uvimbe adimu, wenye mikunjo kama majani, ambao wakati wa mimba huweza kukua upesi mno. Usipokatwa pamoja na ukingo wa nyama isiyougua, huweza kurudi.

Kewa alikataa kisu. Alikwisha kumtolea Bikira maumivu yake hadi ajifungue, na parokia nzima ilimsifu.

“Wewe Sista hujazaa,” Ina Peni alimchoma. “Mama hufa kwa ajili ya mwanawe. Utajulia wapi?”

“Kweli, mama, sijui. Ndiyo maana nauliza. Kewa, Bikira alikuomba nini hasa? Mwanawe alipoletewa wagonjwa aliwaponya. Sijasoma mahali alipowaambia wangoje wazidiwe.”

Kewa alishika tumbo lake. “Na mkinilaza kwa dawa, mtoto naye atalala?”

“Atasinzia pamoja nawe, kisha ataamka akupige mateke.”

Ndivyo ilivyokuwa. Uvimbe ulitoka wote, na mwezi Julai akazaliwa msichana. Ina Peni akasema basi, atakuwa mama mkuu wa watawa. Mtoto aliponyonya hata titi lililopasuliwa, watu walikimbilia kengele ya kanisa. Sista aliwaomba wasubiri kwanza aangalie, akaangalia kwa furaha kama ya mtoto mdogo, na kengele ikalia baadaye.

Alifariki mwaka 2003. Wajawazito huweka mahindi yaliyopondwa kaburini pake, na wengi husimulia waliyojaliwa. Anayetaka kumwiga asianze na miujiza. Amguse mgonjwa kwa upole, amwulize, kisha angoje jibu.