Mashine ya Chaki Sebuleni

Kilichomuuma Patasi si mashine. Mashine yenyewe ilikuwa haijazaliwa, ilikuwa mistari ya chaki tu kwenye sakafu ya sebule yake. Kilichomuuma ni ufagio. Mkewe, ambaye tangu waoane alikuwa akizoa maranda ya mumewe na kuyatupa pamoja na penseli zake, sasa alifagia akiizunguka ile mistari kwa ncha ya ufagio, taratibu, kama anayefagia kando ya mtoto aliyelala.

Mistari ilikuwa ya Cheche, mdogo wa mkewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Wachomeleaji ndivyo walivyo: kabla ya kukata chuma, kitu wanakichora chini kwa ukubwa wake kamili. Chumba cha Cheche kilikuwa kimejaa kitanda, basi akaja kuchora kwa dada yake. Alitaka kuunda mashine ya kuchonga mbao: meza ya chuma, reli mbili, na juu yake mota yenye kisu kinachokwenda huku na huku kwa amri ya kompyuta. Unaipa picha ya ua, inakuchongea ua. Ukitaka maua ya milango ya mtaa mzima, inakuchongea, yote sawasawa.

Na Patasi alikuwa mchonga milango. Jina hilo alipewa na wateja, naye alitembea nalo kifua mbele.

"Haichoki?" mkewe alimuuliza mdogo wake, macho yakimng'aa.

"Haichoki, dada. Wala haiombi chai."

Patasi akatua kikombe chake cha chai, akatoka. Ilikuwa hivyo kila mara. Cheche akianza habari za mashine, Patasi anakumbuka kaacha gundi juani.

Alasiri moja akakuta nyumba tupu. Akavua viatu, akaingia ndani ya ile mistari, akalala chali, kichwa mwanzo wa meza. Miguu ikatokeza nje kuanzia magotini. Akabaki pale akitazama dari, na furaha ikamjia polepole kama usingizi. Mlango ni mrefu kuliko mtu. Mashine ya kuchonga milango, na mlango hauenei.

Neno moja tu lingetosha kumwonya Cheche. Meza ikishachomelewa si suruali, huteremshi pindo. Cheche alikuwa ameuza pikipiki yake anunue mota na vyuma, na Patasi alilijua hilo. Aliinuka, akajipangusa, akafunga mdomo.

Jioni alikula vizuri kuliko wiki nzima.

"Unaanza lini kukata, shemeji?" alimuuliza Cheche.

"Kesho, Mungu akipenda."

"Usichelewe. Chuma hupata kutu."

Akainuka kunawa mikono. Nyuma yake mkewe akaanza kucheka.

"Baba watoto, mgongoni una reli."

Kweli, mkono wa mtu haufiki katikati ya mgongo. Mistari miwili myeupe ilishuka kwenye shati lake, imenyooka vizuri tu.

"Umeilalia?" Cheche akauliza, naye uso umemchanua. "Nilidhani huitaki hata kuiona. Sasa umeionaje?"

"Nzuri."

"Si fupi?"

Patasi akajifuta mikono iliyokwisha kukauka. "Fupi kwa nani?"

"Kwa mlango. Najua hauenei. Lakini nilipima karakana yako, kati ya ukuta na benchi la marehemu baba yako. Nafasi ni hiyo tu. Dada akaniambia, popote gusa, benchi la mzee usiguse. Basi tutachonga nusu, tunausogeza mlango, tunamalizia. Mshono utaonekana kidogo, ila michoro ni yako, watu watasamehe."

"Karakana yangu?"

"Ningeiweka wapi, chini ya kitanda? Kila nikitaka kukuomba, unakimbilia gundi."

Patasi alikaa. Wivu haukumtoka, ulibadilisha kiti tu. Alimwonea wivu sasa kijana anayeweza kuifupisha mashine yake mwenyewe kwa heshima ya mbao kuukuu. Halafu akaufikiria ule mshono ukipita katikati ya ua lake, mbele ya wateja.

Akaomba chaki. Akapiga magoti, akaurefusha mstari hadi karibu na mlango wa jikoni.

"Hadi hapa. Na uache nafasi ya kubania ubao."

"Na benchi?"

"Benchi lina miguu ya kung'oka. Mzee mwenyewe alilihamisha kila alipogombana na mwenye nyumba."

"Mstari wako umepinda, shemeji."

"Utaunyoosha kwenye chuma. Si ndiyo kazi yako?"

Asubuhi mkewe alishika ufagio. Patasi alikaa na chai yake akijifanya anapuliza, jicho moja chini. Ufagio ulizunguka meza ya Cheche kwa ncha, ukafika pale chaki ilipoanza kupinda. Mke akasimama kidogo. Kisha akainama zaidi, akapita kwa nje, polepole, akifuata ule upinde wote.

Patasi akanywa chai.