Mkanda wa Ngozi ya Ng'ombe

Mkanda ule wa feni niliukata mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe, na kwa miezi kadhaa nilijisifu mbele ya kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, dukani hata sabuni haipatikani, sembuse mkanda wa gari. Mwenye gari alikuwa mzee wa Bugene, mkulima wa kahawa na migomba, ingawa baba zake walikuwa wafugaji. Pikapu yake ilikuwa kuukuu hata kwa wakati ule. Haikuwa na altaneta. Ilikuwa na dinamo, ambayo mkanda wa feni huizungusha ili itie umeme kwenye betri. Mkanda wa mpira ulipokatika nikashona wa ngozi, na gari likatembea. Watu wakaniita fundi kweli kweli, nami nikakubali bila hata kujivunga.

Gari lilikuwa na dereva wake, mtu mtaratibu aliyetoka Burundi, mwenye mke na watoto watatu. Waliishi katika nyumba ndogo waliyopewa na mzee nyuma ya migomba. Kazi ile ndiyo iliyokuwa nyumba yake, chakula chake na jina lake zuri pale kijijini. Nayasema haya mapema ili ijulikane nilichezea nini.

Betri ikaanza kufa. Kila asubuhi pikapu inasukumwa mpaka kwenye mteremko ndipo iwake. Mzee akaniita, nami nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilichomoa waya za dinamo, nikaunga balbu ndogo ya kupimia, tukawasha injini. Balbu ikawaka vizuri. Dinamo nzima, nikasema. Nikafungua katauti, kile kisanduku kinachoamua umeme uende kwenye betri au usiende, nikasugua pointi zake kwa msasa. Nayo nzima. Nikafuata waya mmoja mmoja mpaka kwenye betri, nikakwangua ule ukoga mweupe. Injini ilikuwa ikichemka kuliko kawaida, lakini kwa hilo nikailaumu milima. Dereva aliniambia mara moja, kwa sauti ya chini, "Fundi, hebu tazama na huo mkanda." Nikamjibu kwamba mkanda nimeutengeneza mimi, yeye ashike usukani wake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya nne watu walikuwa wamejaa pale uani. Wengine wametoka kuteka maji, wengine hawana kazi, na wote wananitazama nilivyoinama ndani ya boneti. Mzee akauliza, "Sasa fundi, ugonjwa ni nini?"

Neno "sijui" lilinishinda kutamka. Ni neno dogo, na mpaka leo sielewi kwa nini lilinikwama.

"Mzee," nikasema, "gari halina ugonjwa. Betri hii inafanya kazi mahali pengine."

Basi. Sikumtaja mtu. Lakini kila mmoja alijua kwamba vilabu vya pombe vilipiga kaseti kwa betri za magari, na macho yote yakamgeukia dereva. Alisema tu, "Mzee, mimi?" Jirani mmoja akajibu kwa niaba ya mzee: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Mwingine akauliza nani hasa anakujua kwao mtu huyu. Ilipofika Jumapili nyumba ndogo ilikuwa tupu. Alifunga magodoro kwenye baiskeli, akaondoka na familia yake kwenda Songambele kwa ndugu wa mkewe. Mimi nililala vizuri tu siku zile, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mzee akaanza kuifungua betri kila jioni na kuiweka chini ya kitanda chake. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Asubuhi anaifunga, jioni haina kitu, na hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye.

Jumamosi moja nikaenda bila kuitwa. Nikamkuta mzee kainama kwenye boneti, mkono mmoja ana bakuli la samli, mwingine unyoya wa kuku. Alikuwa anaupaka mkanda wangu, ndani na nje, taratibu, kama ngozi za kulalia zinavyopakwa.

"Shikamoo mzee. Unafanya nini?"

"Marahaba. Ngozi ikikauka inapasuka, fundi. Kila Jumamosi naipaka. Wewe hukufundishwa kwenu?"

Mungu wangu! Mkanda wenye samli unaweza kuizungusha dinamo isiyo na mzigo, ndiyo maana balbu yangu ndogo iliwaka. Betri ikidai umeme, dinamo inakuwa nzito, na mkanda unabaki kuteleza. Kipofu angeinusa samli ile. Niliufua mkanda kwa majivu na maji ya moto, nikaukausha, nikaukaza. Tukawasha injini na taa zote, na mshale wa ile saa inayoonyesha chaji ya betri, niliyodhani siku zote imekufa, ukapanda ukatulia huko juu.

Mzee akautazama mshale, akalitazama bakuli. "Ala!" akasema. Kisha akasema, "Basi arudi."

Nilidandia lori la kahawa mpaka Nkwenda, nikamalizia kwa miguu hadi Songambele. Nilimkuta dereva analima kibarua katika shamba la mtu. Nikamweleza yote tumesimama hapo hapo, samli, balbu, ulimi wangu, na kwamba mzee amesema arudi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaufuta udongo kwenye jembe.

"Sirudi," akasema. "Lakini twende nyumbani."

Nilidhani anakwenda kunipa maji. Mkewe alikuwa mlangoni anamenya ndizi. "Mwambie huyu," dereva akaniambia. Nikamwambia. Mama yule hakuinua uso.

"Tangu tufike hapa," akasema, "wanangu wakipita watu wanaingiza kuku ndani."

Kisha akanyoosha kisu kuelekea migombani, walikokuwa majirani wanapalilia. "Wale hawajakusikia. Sema tena, kwa sauti."

Nilisimama katikati ya ua nikapaza sauti. Nikasema mimi ni fundi kutoka Bugene, mume wa mama huyu hakuiba kitu, nilimsingizia kwa sababu kazi ilinishinda. Majembe yakanyamaza.

"Wa ng'ambo ya mfereji bado," akasema mama, akachukua ndizi nyingine.

Nikasema tena.