Somo Wangu Aliyefia Ugenini

Mdomo wangu huu ndio ulioniponza. Mwanangu wa pekee aliacha chuo cha ualimu mwaka wa mwisho, akaenda Watamu kutembeza watalii baharini. Nikamwambia mbele ya watu, "Usikanyage hapa mpaka nife!" Akachukua begi lake. Miaka miwili hakukanyaga.

Kutoka kwangu Gede mpaka Watamu ni mwendo wa tuktuk tu. Sikwenda. Mimi niende kumbembeleza mtoto niliyemzaa? Thubutu! Nikawa nasali, maana kusali hakukunivunjia heshima. Kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, nilimlilia somo wangu.

Sisi Wakatoliki tulivyolelewa huko bara, mtakatifu uliyebatizwa kwa jina lake ndiye somo wako. Wangu ni yule mama wa kale aliyemlilia mwanawe mpotevu miaka na miaka mpaka akaongoka. Lakini jirani yangu ni Mswahili wa Takaungu, na kwao somo ni mwenzio mnayeitwa jina moja, mtu wa kweli, unakwenda kwake mnakunywa chai.

Ijumaa moja jirani huyo akanikuta macho mekundu.

"Una nini, shoga?"

"Namuwaza somo wangu," nikasema, pini zimenijaa mdomoni. "Alimfuata mwanawe hadi ng'ambo ya bahari, masikini, akafia hukohuko ugenini."

"Innalillahi!" Akajishika kifua, akatoka mbio, hata ndara moja akaiacha mlangoni. Nilidhani amekumbuka chungu motoni.

Haikupita saa, nikaona wanawake wanaingia uani na leso zao kichwani, mikeka kwapani na birika la kahawa. "Pole, mwenzangu. Somo ni ndugu." Mwingine akaniuliza maiti italetwa lini. Nikapigwa na butwaa, mkasi mkononi.

"Jamani, aliyekufa ni mtakatifu! Wa zamani za kale!"

Wakatazamana kwa huruma. Mmoja akanitoa mkasi mkononi polepole, akaniambia nikae, msiba huchanganya akili.

Mara tuktuk ikafunga breki nje. Kumbe jirani alikuwa amempigia simu kakake, dereva wa tuktuk kule Watamu, ampelekee mwanangu habari. Na huyo kaka, kwa adabu zake za kutomtaja marehemu, alimwambia tu, "Kwenu kuna msiba, twende." Na kwetu alikuwa ameacha mtu mmoja tu, mimi! Mungu wangu, moyo ulinilipuka nilipoelewa.

Alishuka miguu mitupu, kaptura inachuruzika maji ya bahari, uso umemvimba kwa kulia. Akawapita wanawake bila kuwaona. Alipofika mlangoni akanikuta nimesimama, utepe wa kupimia shingoni. Akashika mwimo wa mlango kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.

"Mama?"

"Ni mimi."

"Nimelia njia nzima!" Alinipigia kelele, hajawahi kunipigia kelele vile. "Njia nzima, mama!"

Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Somo wangu alivuka bahari kumfuata mtoto, na mimi niliyejitia kumwiga kwa machozi nilishindwa kupanda tuktuk. Ilibidi mtoto adhani nimekufa ndipo tuonane.

Jirani naye alisimama kando, kiganja mdomoni, ananitazama mimi, anamtazama yeye. Nikamwambia mwanangu aingie. Hakuingia. Vidole vya miguu yake viliishia palepale kwenye kizingiti.

"Ulisema mpaka ufe," akasema, sauti imemkauka.

Nikamshika mkono ule uliolowa chumvi.

"Basi nimekufa," nikamwambia. "Ingia ule."